Nafsinenewa katika Soneti za Mapenzi: Kutoka kwa Laura hadi kwa Amphilanthus

1. Utangulizi

Kila shairi la mapenzi lina watu wawili: anayesema na anayesemewa. Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, wa kwanza huitwa nafsineni na wa pili nafsinenewa. Nafsineni amechunguzwa kwa kina, kwa kuwa sauti inayosikika ni yake. Nafsinenewa huachwa nyuma, ama akichukuliwa kuwa pambo la shairi, ama akisakwa kwa jina na ukoo kana kwamba shairi ni hati ya mahakama. Mhadhara huu unamchunguza nafsinenewa katika utanzu mmoja, yaani soneti ya mapenzi ya Ulaya kati ya karne ya 14 na karne ya 17. Hoja inayotetewa ni kwamba nafsinenewa wa soneti ni kiumbe wa lugha kabla ya kuwa mtu wa historia, na kwamba kusahau tofauti hiyo kumewadhulumu watu halisi, hasa wanawake.

Soneti ilizuka huko Sicilia katika nusu ya kwanza ya karne ya 13, katika baraza la mfalme Federico wa Pili, na huhusishwa na Giacomo da Lentini, aliyekuwa mwandishi wa hati za kisheria. Ni shairi la mishororo 14. Ufinyu huo una athari ya moja kwa moja kwa mada hii. Mishororo 14 haitoshi kumchora mtu mzima. Inatosha kwa jicho, mkono, au tukio moja. Ndiyo maana washairi walizipanga soneti katika mfululizo mrefu, na nafsinenewa akajengwa kipande kwa kipande.

2. Laura: jina, viungo na kimya

Kielelezo kilichofuatwa na wengi ni diwani ya Kiitaliano ya Francesco Petrarca (1304-1374), yenye mashairi 366, ambayo 317 kati yake ni soneti. Katika nakala yake ya kazi za Vergilius, ambayo sasa imehifadhiwa Milano, Petrarca aliandika kwamba alimwona Laura mara ya kwanza tarehe 6 Aprili 1327 katika kanisa la Mtakatifu Clara mjini Avignon, na kwamba Laura alifariki tarehe iyo hiyo mwaka 1348, mwaka wa tauni.

Maelezo hayo yanaonekana kuwa ushahidi thabiti. Hata hivyo, rafiki yake Giacomo Colonna alimtania kwamba Laura ni jina tupu lililobuniwa ili kutafuta sifa, na Petrarca akalazimika kujitetea kwa barua. Utani huo haukukosa msingi. Katika Kiitaliano, jina la Laura linakaribiana kwa sauti na maneno yenye maana ya upepo mwanana, mti wa mlaureli na dhahabu. Mshairi aliichezea mifanano hiyo kotekote: upepo ukivuma, Laura yupo, mlaureli, ambao majani yake ndiyo taji la washairi, ukitajwa, Laura yupo. Jina la mpendwa na tuzo la mshairi vikawa kitu kimoja.

Sura ya Laura nayo haionekani kwa ukamilifu. Msomaji hupewa nywele, kisha macho, kisha mkono, kisha glovu iliyovuliwa. Mhakiki Nancy Vickers alionyesha mwaka 1981 kwamba kumtawanya mwanamke viungo viungo kulimwezesha mshairi kujikusanya yeye mwenyewe: kadiri mpendwa anavyogawanyika, ndivyo sauti ya msemaji inavyopata umoja. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba Laura hupewa kauli ndefu zaidi baada ya kufa, anapomjia mshairi ndotoni kumfariji. Akiwa hai anaangaliwa. Akiwa marehemu ndipo anaposikilizwa, na maneno yake huwa yale ambayo mshairi alihitaji kuyasikia.

Wasomaji, hata hivyo, walimtaka mtu mwenye kaburi. Mwaka 1533 mshairi Maurice Scève alidai kuligundua kaburi la Laura huko Avignon. Baadaye alitambulishwa na wengi kuwa Laura de Noves, mke wa Hugues de Sade. Mke huyo hakuacha neno lolote linalojulikana kuhusu mashairi hayo. Hivyo mwanamke wa kihistoria alibebeshwa sura ambayo hana namna ya kuikubali wala kuikana.

Usifiaji wa viungo si mali ya Ulaya peke yake. Katika tumbuizo zinazohusishwa na Fumo Liyongo, ule wa Mwana Munga husifu uzuri wa mwanamke. Tofauti iko katika mazingira: utumbuizo ni utungo wa kuimbwa mbele ya hadhira, ilhali soneti iliyokomaa ni utungo wa kusomwa faraghani. Faragha hiyo ndiyo iliyochochea udadisi wa msomaji: huyu ni nani?

3. Stella: pale anapokataa

Soneti iliingia katika Kiingereza kupitia Thomas Wyatt na Henry Howard, na kazi zao zilisambaa kwa chapa ya mwaka 1557. Mfululizo wa Philip Sidney, wenye soneti 108 na nyimbo 11, ulichapishwa mwaka 1591, miaka mitano baada ya kifo chake. Majina ya wahusika yanatangaza ubunifu: Astrophil ni mpenda nyota, na Stella ni nyota. Papo hapo, baadhi ya soneti zinacheza na neno la Kiingereza lenye maana ya tajiri, ambalo lilikuwa jina la mume wa Penelope Devereux, aliyeolewa na Lord Rich mwaka 1581. Sidney alimficha mwanamke huyo kwa mkono mmoja na kumfichua kwa mkono wa pili.

Stella, tofauti na Laura aliye hai, anajibu, na jibu lake ni la kukataa. Katika soneti ya 63, Stella anakataa mara mbili. Astrophil anaigeukia sarufi na kudai kwamba ukanushi ukirudiwa huzaa ukubalifu, basi Stella amekubali. Kanuni hiyo ilikuwa ya sarufi ya Kilatini iliyofundishwa shuleni. Katika Kiingereza cha wakati ule, kurudia ukanushi kulikuwa kwa kawaida kukiutilia mkazo. Kwa hiyo Astrophil anapuuza lugha anayoisema Stella na kumhukumu kwa lugha ya darasani. Soneti hiyo ni mzaha, na Sidney bila shaka anamcheka mhusika wake. Lakini mzaha huo unafichua jambo zito: mwenye kalamu anaweza kuligeuza neno la nafsinenewa hata pale neno hilo linapokuwa wazi kabisa.

Edmund Spenser alichukua njia nyingine. Soneti zake 89 zilichapishwa mwaka 1595 pamoja na wimbo wa harusi, baada ya kumwoa Elizabeth Boyle mwaka 1594. Katika soneti ya 75, mwanamke anamkosoa mshairi anayehangaika kuliandika jina lake mchangani, akimkumbusha kwamba binadamu ni wa kupita. Mshairi ndiye anayehitimisha mjadala, lakini walau mjadala upo.

4. Soneti za Shakespeare na suala la nafsi

Soneti 154 za William Shakespeare zilichapishwa mwaka 1609. Kwa desturi, soneti ya 1 hadi ya 126 huchukuliwa kuwa zinamhusu kijana wa kiume, na ya 127 hadi ya 152 mwanamke mwenye nywele na macho meusi. Mbili za mwisho zinamhusu mungu wa mapenzi. Mgawanyo huo hautokani na kichwa chochote katika chapa ya 1609. Ulitiliwa nguvu na mhariri Edmond Malone mwaka 1780.

Hapa isimu inaweza kuisaidia historia. Kiwakilishi cha nafsi ya pili katika Kiingereza hakionyeshi jinsia. Jinsia hujitokeza katika nafsi ya tatu au katika nomino. Soneti nyingi za Shakespeare zikisomwa moja moja hazimtambulishi nafsinenewa kuwa mwanamume au mwanamke. Mwaka 1640 mchapishaji John Benson alizitoa upya kwa mpangilio mwingine, akazipa vichwa, na katika sehemu chache akabadilisha maneno, kwa mfano kiwakilishi cha kiume katika soneti ya 101 kikawa cha kike. Mabadiliko yalikuwa machache kuliko inavyodaiwa mara nyingi, lakini vichwa vilitosha kumwongoza msomaji amwone mwanamke mahali pengi.

Katika Kiswahili suala hilo lingechukua sura nyingine. Viambishi vya nafsi ya tatu, kama vile a- na -m- katika "anampenda", havibagui jinsia. Mfasiri wa Kiswahili anaweza kuhifadhi utata ambao Benson aliuondoa. Lakini pale Shakespeare alipobainisha jinsia, mfasiri hulazimika kuongeza nomino au kuipoteza taarifa hiyo.

Soneti ya 130 inastahili kutajwa pekee. Humo mshairi anazikataa tashbihi za mkondo wa Petrarca moja baada ya nyingine, na kumsifu mpendwa wake kwa kumwacha awe binadamu. Hata hivyo, orodha ya viungo imebaki ile ile. Kilichogeuzwa ni alama za kujumlisha na kutoa.

Msako wa majina ulikuwa mkali zaidi hapa. Kijana amedhaniwa kuwa Henry Wriothesley au William Herbert. Mwaka 1973 mwanahistoria A. L. Rowse alimtangaza Emilia Lanier kuwa ndiye mwanamke wa soneti. Ushahidi haukutosha. Lakini Lanier alikuwa mshairi aliyechapisha kitabu chake mwenyewe mwaka 1611, na kwa muda mrefu alijulikana kwa dhana hiyo kuliko kwa kitabu chake. Mwandishi aligeuzwa nafsinenewa.

5. Mwanamke anaposhika kalamu

Gaspara Stampa wa Venisi, ambaye mashairi yake yalichapishwa mwaka 1554 baada ya kifo chake, alimwelekea Collaltino di Collalto na kumlaumu kwa ubaridi. Soneti 24 za Louise Labé zilichapishwa Lyon mwaka 1555, na katika ya pili ni mwanamume anayetajwa kiungo kwa kiungo. Mwaka 2006 Mireille Huchon alidai kwamba Labé alibuniwa na washairi wa kiume. Wataalamu wengi hawajakubaliana naye. Mjadala huo unaonyesha kwamba hata nafsineni wa kike hutakiwa kuthibitisha kuwapo kwake.

Mary Wroth, mpwa wa Sidney, alichapisha mfululizo wake mwaka 1621. Pamphilia anamwelekea Amphilanthus, jina lenye maana ya mwenye mapenzi mawili. Wahakiki humhusisha na William Herbert, binamu yake Wroth aliyezaa naye watoto wawili. Huyu ndiye Herbert yule yule anayedhaniwa kuwa kijana wa Shakespeare. Lakini katika soneti za Wroth ni nadra viungo vyake kusifiwa. Pamphilia anazungumza zaidi na usiku, usingizi na mapenzi yenyewe. Kwa sehemu kubwa, mwanamume hakukatwa viungo. Aliachwa nje ya shairi. Kitabu hicho kilimletea Wroth matusi ya Lord Denny, aliyeona habari za jamaa zake katika riwaya iliyoandamana na soneti hizo. Mwishoni mwa mwaka huo, Wroth aliandika kwamba ameagiza uuzaji usitishwe. Washairi wanaume waliowafichua wanawake kwa majina ya nyota walisifiwa. Mwanamke aliyefanya vivyo hivyo alinyamazishwa.

6. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba nafsinenewa hujengwa kwa nyenzo za lugha: jina linalochezewa, viungo vinavyotajwa, viwakilishi vinavyoficha au kufichua, na kauli anazopewa au kunyimwa. Msomaji wa shairi la mapenzi, liwe soneti au wimbo wa taarabu uliofumbwa, anapaswa kuuliza kwanza: nafsinenewa anaruhusiwa kusema nini, na anapokataa, neno lake linafanywa nini? Swali la jina lake ni halali pia, ila lijibiwe kwa ushahidi, kwa kuwa jina likishatajwa kwa dhana, mwenye jina hana tena pa kujibia.