Kanisa la Wapolandi huko Nyabyeya

Kando ya msitu wa Budongo, wilayani Masindi, nchini Uganda, lipo kanisa lililojengwa na wakimbizi Wapolandi kati ya mwaka 1943 na 1945. Watu hao, wengi wao wanawake na watoto, walihamishwa kwa nguvu na Warusi mwaka 1940 na 1941, wakaja Afrika Mashariki kwa njia ya Uajemi. Nyumba zao zilikuwa za udongo na nyasi, lakini kanisa walilijenga lidumu. Hapo ndipo tunapostaajabu, kwani walitumaini kurudi kwao. Wengi hawakurudi, waliiogopa Poland ya wakomunisti, wakatawanyika Uingereza, Kanada na Australia. Makaburi ya wenzao yamebaki. Misa yaendelea kusomwa humo, na waumini wake sasa ni wenyeji wa Nyabyeya.