Mgeni na Mahali pa Kulala katika Pwani Yetu

Wasomaji wetu, leo twapenda kutazama jambo linalomhusu kila msafiri: mahali pa kulala katika mji usio wake.

Zamani vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilikuja pwani kwa pepo za kaskazi, wala havikuweza kurudi mpaka kusi ivume. Hivyo mfanyi biashara alikaa ugenini miezi mingi, na hoteli haikuwako. Alilala wapi? Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Mogadishu mwaka 1331, atueleza. Jahazi ilipotia nanga, vijana waliiendea kwa mashua, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyi biashara sahani ile, akasema, huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni alikaa kwa mwenyeji wake, naye mwenyeji ndiye aliyemwuzia mali yake na kumnunulia nyingine. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemwuzia mwenyeji asipokuwapo, biashara yake ilikuwa batili. Basi malazi hayakuwa kitanda tu; yalikuwa dhamana.

Lamu nako, nyumba za mawe zilikuwa na chumba cha wageni kiitwacho sabule, kilichotengwa na vyumba vya ndani.

Lakini desturi hiyo ilikuwa na mpaka wake. Katika karne ya 19 wapagazi waliofika Bagamoyo na pembe za ndovu walikuwa wengi mno, hata nyumba za watu zisiwatoshe; wakapiga kambi. Mwenye mali alipata mwenyeji. Mchukuzi wa mali alipata uwanja.

Kisha zikaja meli za moshi, na reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwa la Viktoria mwaka 1901. Wasafiri sasa walikaa siku chache, wakataka chumba cha kulipia. Ndipo hoteli zilipojengwa. Dar es Salaam, Wajerumani walikuwa na Kaiserhof, ambayo baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliitwa New Africa. Hoteli kubwa za siku zile zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia akiwa mpishi au dobi, si mgeni. Alikuwa kwao, lakini hakukaribishwa! Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Kenya mwaka 1963, na milango ile ikafunguliwa.

Leo nyumba za wageni zimejaa kila mji, na mtu asiye na ndugu wala rafiki hulala salama kwa fedha yake. Hiyo ni faida kubwa, maana mpagazi wa zamani hakuipata. Lakini ufunguo haumdhamini mtu sokoni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi twaona kwamba nyumba ya wageni iliyo njema ni ile ambayo mwenyewe, akiisha kupokea fedha, bado aweza kusema: huyu ni mgeni wangu.