Kuku wa pindo

Kuku wa pindo ni kuku ambao kila unyoya wao una rangi moja katikati na nyingine, aghalabu nyeusi, inayouzunguka ukingoni. Uweke unyoya mmoja kiganjani uutazame kama kanga: mji, yaani sehemu ya katikati, mweupe (uitwao wa fedha) au wa dhahabu, na pindo jeusi lenye mng'ao wa kijani. Mashuhuri ni Sebright, kuku wadogo waliotokana na kazi ya Sir John Saunders Sebright huko Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, na Wyandotte wa Marekani, ambao wale wa mji wa fedha walitambuliwa rasmi mwaka 1883.

Ukuaji. Kifaranga haanguliwi na pindo. Wyandotte wa fedha hutoka yaini na malaika ya kijivu au meusimeusi mgongoni, tumbo likiwa jeupe zaidi. Manyoya ya kwanza huja na madoa na michirizi isiyo na mpangilio. Hayo hunyonyoka na kuota mengine, na pindo safi hukamilika kuku akifikia takriban miezi 5 au 6. Tembe anayeonekana mchafu akiwa na wiki 8 huenda akawa mzuri kuliko wenzake wote.

Urithi. Pindo halitokani na jeni moja. Jeni kadhaa hushirikiana: moja huupanga weusi, nyingine huuongeza, nyingine huupunguza, hadi ubaki ukingoni. Rangi ya mji ni suala jingine. Jeni ya fedha huishinda ya dhahabu, nayo imo kwenye kromosomu Z, ambayo jogoo anazo mbili na jike moja tu. Kwa hiyo jogoo wa dhahabu akipanda jike wa fedha, majike huzaliwa wa dhahabu na madume wa fedha.

Majogoo wengi wa pindo huwa na manyoya marefu yaliyochongoka shingoni na kiunoni. Jogoo wa Sebright hana: ngozi yake hugeuza testosteroni kuwa estrojeni, hivyo huota manyoya ya mviringo kama ya jike, yenye pindo mwili mzima.

Uteuzi. Mfugaji hodari humshika kuku juani na kufunua manyoya ya kifua moja moja. Pindo liwe na upana sawa hadi ubavuni mwa unyoya, lisinenepe nchani tu, na mji usiwe na vumbi la weusi. Uamuzi huo hufanywa baada ya manyoya ya utu uzima kuota. Anayechinja mapema huenda amepoteza mbegu aliyokuwa akiitafuta.