Kutoka Mbiru hadi Tuisheni: Hesabu na Watoto Wetu wa Upare

Kila mwaka kijitabu hiki huwaletea habari za madarasa yaliyoezekwa, madawati yaliyonunuliwa na mabomba ya maji yaliyotandazwa. Mwaka huu tunawaomba mchango kwa kazi ambayo haipendezi sana kwenye picha: tuisheni ya Hisabati kwa watoto wetu wa sekondari. Kabla ya kuomba, ni haki tuwaeleze tumefikaje hapa, na sisi wenyewe tulikosea wapi.

Kipimo kisichoonyeshwa

Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakapiga kambi Same, makao makuu ya wilaya. Walikuwa wanakataa mbiru, kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Baadaye wanawake nao waliandamana. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa kwetu, aliandika kitabu juu ya mgogoro huo. Kulipa kodi watu walikuwa wamekuzoea. Kilichowachoma ni makadirio: jirani kapangiwa kiasi hiki, mimi kile, na hakuna anayeonyesha kwa kipimo gani. Hatimaye kodi hiyo iliachwa.

Tunakumbusha habari hiyo kwa sababu nasi sasa tunataka kuwapima watoto wenu na kuwaweka katika makundi. Mzazi wa Kipare atauliza lile lile lililoulizwa Same, na ana haki ya kujibiwa.

Chujio la zamani

Katika mikutano yetu, wazee waliosoma kabla ya miaka ya 1970 hutuuliza: "Sisi tulifaulu bila tuisheni. Hawa wana nini?" Swali ni zuri, na jibu lake limo katika historia.

Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wa sekondari walikuwa wapatao 12,000 tu nchi nzima. Mtoto wa Usangi, Ugweno, Mbaga au Gonja aliyefika kidato cha kwanza alikuwa amepita kwenye mtihani wa darasa la nne, kisha ule wa darasa la nane. Aliyeshindwa na sehemu na desimali hakufika huko. Alibaki nyumbani kulima, au alikwenda kutafuta kazi. Kwa hiyo mwalimu wa sekondari alipoingia darasani alikuta watoto wachache wanaokaribiana uwezo. Somo moja, lililofundishwa mara moja ubaoni, liliwatosha karibu wote.

Wazee wetu, hatusemi hamkujitahidi. Tunasema mlikuwa mmeshachujwa. Wenzenu wa darasa la nne ambao leo hawamo katika mikutano yetu, ndio waliohitaji tuisheni.

Msaragambo wa madarasa

Chujio hilo lilitobolewa hatua kwa hatua. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka elimu ya msingi iwe ya watoto wote ifikapo 1977. Shule za msingi zikajaa, na walimu wengi wakafunzwa haraka haraka. Sekondari za serikali hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na nafasi zake ziligawanywa kimkoa. Kilimanjaro, ambako watoto waliomaliza shule ya msingi walikuwa wengi, wazazi waliona watoto wao wakiachwa, wakaamua kujijengea. Miaka ya 1980 makanisa, Jumuiya ya Wazazi na vijiji vyenyewe vilifungua sekondari. Kwetu tulizijenga kwa msaragambo: mawe yalibebwa begani, mchanga kichwani, na asiyefika alitafutwa kwake.

Mwaka 2004 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, nazo shule za kata zikaenea. Wanafunzi wa sekondari nchini walikuwa kama 430,000 mwaka ule, na kufikia 2010 walizidi milioni 1.6. Januari 2016 ada ikaondolewa katika shule za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne.

Hatujutii hata tofali moja. Mtoto ambaye zamani angeachwa darasa la nne, leo yuko kidato cha tatu, na hilo ndilo tulilolitaka. Lakini darasa sasa ni jingine. Kwenye dawati moja anakaa mtoto anayekokotoa milinganyo bila shida, na pembeni yake mwenzake ambaye 7 mara 8 bado anaihesabu kwa vidole. Lugha nayo inaongeza mzigo. Tangu 1967 shule zetu za msingi hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Wapo watoto wanaojua kugawa vizuri, ila swali likija kwa Kiingereza hawajui kwamba wanaambiwa wagawe.

Matokeo yake tunayaona wote. Katika miaka ya 2020 hadi 2022, kati ya kila watahiniwa watano wa kidato cha nne nchini, takribani mmoja tu ndiye aliyefaulu Hisabati.

Tuisheni inaingia

Masomo ya ziada yalikuwepo zamani, hasa kwenye shule za bweni, na mwalimu hakudai kitu. Tuisheni ya kulipia ilishamiri miaka ya 1980. Baada ya Vita vya Kagera uchumi ulikuwa mbaya, mshahara wa mwalimu haukufika mwisho wa mwezi, na walimu wengi wakaanza kufundisha jioni kwa malipo. Ilianzia mijini, kisha ikapanda milimani: kwenye baraza za nyumba, kwenye kumbi za makanisa, ubao ukiegemezwa ukutani.

Darasa lilikuwa limebadilika, lakini tuisheni iliiga lile darasa la zamani. Mwalimu hodari mmoja, ubao mmoja, maswali ya mitihani iliyopita, na watoto wote mbele yake kana kwamba bado wamechujwa. Wazazi nao tukachagua tuisheni kwa sifa za mwalimu. Hatukuuliza mtoto wetu amekwama wapi.

Kosa letu

Chama chetu kiliingia katika mkumbo huo huo. Miaka michache iliyopita, kwa michango yenu, tuliandaa kambi ya likizo kwa wanafunzi wote wa kidato cha nne. Tulimleta kutoka mjini mwalimu mwenye jina. Ukumbi ulijaa hadi madirishani, na picha tulizopiga zilipendeza. Mwalimu alifundisha vizuri kweli, mada za kidato cha nne, siku baada ya siku.

Siku ya mwisho binti mmoja alimfuata mmoja wetu nje, akamwuliza kwa sauti ya chini kwa nini kutoa namba hasi kunageuka kujumlisha. Hilo ni jambo la kidato cha kwanza. Alikuwa amekaa siku zote za kambi akinakili ubao, na hakuthubutu kuuliza mbele ya wenzake.

Matokeo yalipotoka, waliofaulu ni wale ambao walimu wao walishatuambia watafaulu. Katika kikao cha mwaka mzee wetu mweka hazina alisoma hesabu za kambi, akavua miwani na kuuliza: "Sasa ndugu zangu, tulinunua nini?" Hakuna aliyemjibu.

Mwaka uliofuata tulijaribu kugawa makundi, tukakosea tena. Tuliyaita A, B na C. Baada ya wiki mbili kundi C lilikuwa limekwisha. Watoto waliona aibu kupita sokoni wakielekea darasa ambalo kijiji kizima kinalijua kuwa ni la walioshindwa.

Tunavyochagua sasa

Kutokana na makosa hayo tumejifunza utaratibu ambao mzazi yeyote anaweza kuutumia, hata kama mtoto wake hayupo katika mpango wetu.

Kwanza, tunapima. Kila mtoto anafanya jaribio fupi lenye maswali ya shule ya msingi, ya kidato cha kwanza na cha pili, na ya darasa alilopo. Karatasi hairudi na alama tu. Mwalimu anakaa na mtoto, na mzazi akiwepo ni vizuri zaidi, anamwonyesha: hapa umepata, hapa ndipo ulipoanza kupotea. Kipimo kionekane.

Pili, tunamweka pale alipokwamia, awe kidato cha kwanza au cha nne. Makundi ni matatu, nayo tunayaita kwa siku zake, basi.

Kundi la kwanza ni la mtoto ambaye misingi haijakaa: kuzidisha, sehemu, namba hasi, mlinganyo mdogo wa herufi moja. Huyu msimpeleke kwenye ukumbi wa watu mia, wala msimnunulie kitabu cha mitihani iliyopita. Anahitaji watoto wachache wenzake, mara kadhaa kwa wiki, na mwalimu mwenye subira anayeeleza kwanza kwa Kiswahili, kisha anampa neno la Kiingereza atakalokutana nalo kwenye mtihani. Mara nyingi anayeifaa kazi hii ni mwalimu mzuri wa shule ya msingi, hata mstaafu.

Lengo lake lipo karibu kuliko anavyodhani. Kwa muundo wa mtihani wa kidato cha nne uliotumika miaka ya karibuni, sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, na sehemu B maswali 4 ya alama 10 kila moja. Ufaulu, yaani D, unaanzia alama 30. Maswali matano ya sehemu A, yakifanywa yote sawasawa, ni alama 30. Mtoto aliyekwishajiita mjinga, ukimwambia kwamba safari yake inaanza na maswali matano na si kumi na manne, anakaa vizuri kwenye kiti.

Kundi la pili ni la mtoto anayeelewa darasani lakini anaanguka kwenye mtihani. Huyu hana haja ya kufundishwa upya kila kitu. Anahitaji kufanya maswali mengi na yasahihishwe, siyo kuwekewa vyema tu. Tunamtaka awe na daftari la makosa: kila alilokosa analirudia baada ya wiki. Makosa yake mengi ni yale yale, alama ya kutoa iliyosahaulika, kipimo kisichobadilishwa, swali lililosomwa nusu. Kundi la watoto kumi hadi kumi na watano linamfaa, mara mbili kwa wiki.

Kundi la tatu ni la anayepata B au A na anafikiria kuchukua PCM au EGM kidato cha tano. Wazazi wengi hutumia fedha nyingi kwake, wakati yeye ndiye anayehitaji fedha kidogo zaidi. Mpeni vitabu, maswali magumu, na mtu wa kujadiliana naye mara moja kwa wiki. Vijana wetu walio vyuo vikuu wakirudi likizo wanaiweza kazi hiyo. Nasi tunamwomba mtoto huyo naye amsaidie mwenzake wa kundi la pili, maana anayeeleza huelewa mara mbili.

Tatu, kila muhula tunapima tena, na mtoto anahama. Kundi lisiwe kifungo. Na saa za kusoma tunazipanga mchana, kwa ajili ya mabinti wanaoteka maji na kupika jioni, na ambao hatutaki washuke njia za milimani usiku.

Binti yule wa namba hasi alirudi kwetu mwaka uliofuata kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alianza kundi la kwanza, na katikati ya mwaka akahamia la pili. Alipata D. Kwenye gazeti haitaandikwa, lakini mama yake alitembea toka kijijini kuja kutuonyesha karatasi ya matokeo.

Tunachoomba

Fedha tunazoomba ni za posho ya walimu, nauli zao, karatasi za majaribio, vitabu vya kundi la tatu, na uji wa watoto wanaotoka mbali. Sehemu kubwa itakwenda kundi la kwanza, kwa kuwa ndilo lenye watoto wengi na ndilo linalohitaji walimu zaidi. Tunajua wapo watakaopenda mchango wao uende kwa watoto wanaong'ara, ili tupate wahandisi na madaktari. Hao hatutawaacha. Lakini madarasa haya tuliyabebea mawe kwa ajili ya watoto wote wanaokaa ndani yake.

Mkutano ujao tutawasomea hesabu: kila kundi lilianza na watoto wangapi, wangapi walihama kwenda juu, wangapi waliacha na kwa nini, na kila shilingi ilikwenda wapi. Mzee wetu akivua miwani na kuuliza tulinunua nini, tuwe na la kumjibu.

Bahasha ya mchango imo katikati ya kijitabu hiki. Asiye na fedha, alete muda wake: tunahitaji walimu wastaafu, wanafunzi wa vyuo walio likizo, na akina mama wa kupika uji. Karibuni msaragambo.