Injini zisizo na chujio

Jumapili ya Novemba 23, 2025, mlima Hayli Gubbi wa jimbo la Afar, Ethiopia, ambao haukuwa na rekodi yoyote ya kulipuka, ulitema majivu yaliyopanda kilomita zipatazo 14 angani. Upepo ukayavusha Bahari ya Shamu, yakapita Yemen na Oman, na kesho yake usiku yakawa yamefika anga ya Delhi. Air India ikafuta safari kadhaa na kuagiza mafundi wazichungulie injini za ndege zilizokuwa zimepita njia hiyo. Msomaji wa Kishapu, mkoani Shinyanga, angeweza kufunua ukurasa akaendelea na bei ya pamba. Ningemwomba asubiri kidogo, maana wilaya yake imekaa juu ya volkano.

Shimo la almasi la Mwadui, wilayani humo, lililogunduliwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940, ni koo la volkano iliyolipuka miaka milioni 52 hivi iliyopita. Juu lina eneo la hekta zinazokaribia 146, na ni miongoni mwa makubwa kabisa ya aina yake duniani. Hadithi iliyobaki watu wanaijua: almasi ya waridi ya mwaka 1947 iliyoishia kwa Elizabeth wa Uingereza, kifo cha Williamson mwaka 1958, kisha mgodi kupita mikononi mwa De Beers, Serikali, De Beers tena, na kampuni ya Petra. Kinachosahaulika ni jinsi almasi zilivyofika juu. Mwamba wa kimbalaiti, ambao ndio hubeba almasi, hupanda kutoka chini sana ukiwa umejaa gesi, na ukikaribia uso wa dunia hupasuka ukawa majivu na vipande vya mawe. Siku ile hapakuwa na ndege ya kudhurika.

Mtu aliyetufundisha kuiona nchi hii kwa jicho hilo ni Barry Dawson, mjiolojia wa Kiingereza aliyefanya kazi katika idara ya jiolojia ya Tanganyika. Alifika kwenye kreta ya volkano ya Ol Doinyo Lengai mwaka 1960, akakuta lava isiyofanana na nyingine yoyote, nyeusi, nyepesi, ya jamii ya magadi, na mwaka 1962 akaitangaza katika jarida la Nature. Miaka ya baadaye aliandika kitabu kizima juu ya kimbalaiti. Alikuwa pia miongoni mwa waliovichunguza vilima vitatu vidogo vya Igwisi, mkoani Tabora, wakaona ni ndugu wa Mwadui. Vipimo vilivyofuata viliipa Igwisi umri wa miaka 12,000 hivi, ambayo kwa hesabu ya miamba ni juzi.

Dawson na wenzake waliandika pia mlipuko wa Lengai wa mwaka 1966. Majivu yaliangukia Loliondo, yakafika Seronera, kilomita 130 upande wa magharibi, na mengine yakatua uwanja wa Wilson, Nairobi. Katika maandishi hayo majivu ni jambo la udongo, la nyasi na la mifugo. Injini hazikuwa kwenye hesabu.

Zilianza kuhesabiwa usiku wa Juni 24, 1982. Boeing 747 ya British Airways ilikuwa imetoka Kuala Lumpur kuelekea Perth, ikiwa futi 37,000 kusini ya Java, na abiria 248. Marubani waliona cheche za rangi ya samawati zikicheza kwenye kioo cha mbele. Moshi wenye harufu ya kiberiti ukaingia ndani. Injini ya nne ikazimika, ikafuata ya pili, na muda mfupi baadaye ya kwanza na ya tatu zikafa kwa pamoja. Nahodha Eric Moody akawatangazia abiria, kwa adabu ya ajabu, kwamba kuna tatizo dogo, injini zote nne zimesimama. Rada ya hali ya hewa haikuwa imeonyesha kitu, kwa sababu rada hiyo huona matone ya maji, na majivu ni makavu.

Ndege ikashuka bila nguvu kwa zaidi ya dakika kumi. Ilipokaribia futi 13,000, ikiwa nje ya wingu, injini zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine. Walitua Jakarta kioo kikiwa kimekwaruzwa na majivu hata marubani hawaoni mbele, isipokuwa kipande chembamba pembeni. Hakuna aliyekufa.

Mafundi walipozifungua injini wakaelewa. Majivu ya volkano ni vipande vidogo vya kioo na mwamba, ambavyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 1,100 hivi. Ndani ya chumba cha mwako kuna joto kubwa kuliko hilo. Basi majivu huyeyuka, yakaenda kuganda kwenye vibao vinavyoelekeza hewa kwenye turbini, na pumzi ya injini ikaziba. Injini ilipozimika na kupoa, kioo kile kilikatika na kudondoka, ndiyo maana iliweza kuwashwa tena. Waliookoka waliokolewa na kuzimika kwenyewe!

Linaloudhi ni kwamba mlima Galunggung wa Java, uliotoa majivu hayo, ulikuwa ukilipuka tangu Aprili mwaka ule. Walioishi chini yake walijua. Marubani hawakuambiwa. Wiki tatu baadaye Boeing 747 nyingine, ya Singapore Airlines, iliingia kwenye majivu ya mlima uleule ikapoteza injini zaidi ya moja. Desemba 1989 ikawa zamu ya KLM huko Alaska, zote nne.

Kwa nini wasiweke chujio? Injini ya ndege kubwa humeza hewa nyingi mno. Chujio la kuzuia majivu laini lingeinyima pumzi. Vilivyobuniwa vinasaidia dhidi ya kokoto na vumbi zito, na hapo ndipo ukanda wetu wa dhahabu na almasi, wenye viwanja vya moramu, unapojua kazi. Injini iliyo karibu na ardhi huvuta hewa ikajisokota kama chamchela za Agosti, ikainua kokoto hadi mdomoni. Kwa Boeing 737-200, aina ambayo Air Tanzania iliirusha miaka mingi, kiwanda kiliuza vifaa vya njia za changarawe: kinga nyuma ya gurudumu la mbele, na mrija chini ya kila injini wa kupuliza hewa ili kuvunja chamchela hiyo.

Cessna Caravan, ndege ndogo inayofahamika katika viwanja vya kanda ya ziwa, ina mbinu nyingine. Rubani huvuta mpini ulio chini ya dashibodi upande wa kushoto. Vibao ndani ya njia ya hewa hugeuka, hewa ikalazimika kukata kona kali, na mchanga, kwa uzito wake, hushindwa kona ukapitiliza nje. Nguvu ya injini hupungua kidogo, na rubani anayeruka na mzigo mzito mchana wa jua hulihisi hilo.

Kwa majivu dawa imekuwa taarifa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lilisimamia kuundwa kwa vituo tisa vya kutoa tahadhari duniani. Anga yetu iko chini ya kile cha Toulouse, Ufaransa. Mwaka 2010 majivu ya Iceland yalifunga anga ya Ulaya, maua ya Naivasha yakaoza, mashirika ya ndege yakagombana na wadhibiti, na Uingereza ikaacha msimamo wa kutovumilia majivu hata kidogo, ikaweka kikomo kinachopimwa kwa miligramu katika kila mita ya ujazo.

Toulouse hutazama kwa satelaiti. Dalili za kabla ya mlipuko hupimwa mlimani. Huko Lengai, mtandao wa vipokezi vya GPS uitwao TZVOLCANO ulianzishwa mwaka 2016 na watafiti wa Virginia Tech ya Marekani pamoja na Chuo Kikuu Ardhi. Ni kazi ya kupongezwa, lakini nchi inayonunua ndege mpya kwa shangwe isingepaswa kuacha ulinzi wa mlima wake utegemee miradi ya watafiti.

Ibadakuli, uwanja wa Shinyanga uliozoea moramu, ulipangiwa njia ya lami kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Lami hupunguza kokoto, si majivu. Lengai uko kilomita 250 hivi kutoka Kishapu, upande unaotoka upepo wetu sehemu kubwa ya mwaka, na umelipuka kwa majivu mwaka 1917, 1940, 1966 na 2007.