Hali ya maada ya erosoli

Hali ya maada ya erosoli ni sifa inayoonyesha kama chembe ndogo zinazoelea katika angahewa ni mango, kiowevu, au kitu cha katikati kilicho kizito kama lami. Sifa hiyo huathiri kemia ya angahewa, kwa sababu gesi inayokutana na chembe ya kiowevu inaweza kuingia na kumenyuka ndani yake, lakini ikikutana na chembe mango mara nyingi huishia usoni. Kwa hiyo chembe mbili zenye kemikali zilezile zinaweza kuwa na athari tofauti kabisa.

Aina za chembe

Chembe za erosoli zina kipenyo cha kuanzia nanomita chache hadi makumi ya mikromita. Baadhi hutoka moja kwa moja kwenye chanzo chake, kama vile vumbi la jangwani, chumvi ya bahari, masizi na chavua. Nyingine huundwa hewani kutokana na gesi. Mifano ni salfati zinazotokana na dioksidi ya sulfuri, na chembe ogania zinazotokana na mvuke unaotolewa na miti.

Chumvi na unyevu

Katika halijoto ya 25 °C, fuwele ya kloridi ya sodiamu (chumvi ya kawaida) hubaki kavu hadi unyevu wa hewa ufikie takriban asilimia 75 ya mvuke ambao hewa inaweza kubeba. Hapo hufyonza maji kwa ghafla na kuwa tone la maji ya chumvi. Hii ni sababu moja ya chumvi ya mezani kulowa upesi katika miji ya pwani kama Mombasa na Zanzibar.

Hewa ikikauka tena, tone haligeuki fuwele kwenye asilimia 75. Hubaki kiowevu mpaka unyevu ushuke hadi karibu asilimia 45. Kati ya viwango hivyo viwili, hali ya chembe hutegemea ilikotoka: iliyotoka kwenye hewa kavu ni mango, na iliyotoka kwenye hewa yenye unyevu mwingi ni kiowevu. Salfati ya amonia ina tabia hiyohiyo, ila viwango vyake ni takriban asilimia 80 na 35.

Tofauti hii huonekana katika hewa ya miji. Usiku, oksidi za nitrojeni zinazotoka kwenye magari na viwanda huunda gesi ya dinitrojeni pentoksidi. Gesi hiyo ikikuta chembe zenye maji, hugeuka upesi kuwa asidi ya nitriki. Ikikuta chembe kavu, humenyuka polepole sana, na sehemu kubwa yake hubaki mpaka asubuhi. Jua likichomoza huvunjika na kurudisha oksidi za nitrojeni, ambazo husaidia kuunda ozoni karibu na ardhi. Ozoni ya chini namna hiyo hudhuru mapafu na mazao.

Mnato wa chembe ogania

Kwa muda mrefu wanasayansi walichukulia kwamba chembe ogania ni viowevu vinavyochanganyika upesi. Mwaka 2010 kundi la watafiti lililoongozwa na Annele Virtanen lilitangaza katika jarida la Nature kwamba chembe zilizopimwa katika msitu wa misonobari nchini Ufini zilidunda zilipogonga bamba la kifaa cha kupimia. Matone ya kiowevu yangenata. Chembe hizo zilikuwa mango zisizo na fuwele, mfano wa kioo.

Mnato wa maji ni takriban paskali-sekunde 0.001, wa asali ni karibu 10, na wa kioo hufikia trilioni moja. Joto na unyevu hulainisha chembe ogania. Katika hewa yenye unyevu mwingi ya msitu wa Amazon, chembe nyingi ni viowevu. Juu zaidi angani, penye baridi na ukavu, zinaweza kuwa kama kioo.

Ugumu huo unaweza kulinda sumu. Benzopireni ni kampaundi inayosababisha saratani, nayo hutokana na kuni, makaa ya mawe na mafuta yasiyoungua kikamilifu. Ikiwa wazi, ozoni huiharibu. Ikifunikwa na tabaka zito la maada ogania, ozoni haiifikii kwa urahisi, hivyo husafiri mbali na mahali ilipotoka.

Tundu la ozoni

Mwaka 1985 Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktiki ilikuwa ikipungua sana kila majira ya kuchipua. Klorini iliyohusika ilitoka kwenye gesi za klorofluorokaboni, lakini nyingi ilikuwa imefungwa katika kloridi ya hidrojeni na nitrati ya klorini, ambazo haziharibu ozoni. Mwaka 1986 Susan Solomon na wenzake walipendekeza kwamba gesi hizo mbili humenyuka juu ya chembe za mawingu ya stratosfia, yanayotokea halijoto ikishuka hadi karibu −78 °C.

Baadaye ilifahamika kwamba chembe mango na matone ya asidi huifungua klorini vilevile. Hata hivyo, kazi zao zinatofautiana: fuwele zenye asidi ya nitriki zinaweza kukua, kuwa nzito na kuanguka, zikiondoa nitrojeni ambayo ingeifunga klorini tena. Uharibifu wa ozoni huendelea kwa muda mrefu zaidi. Gesi hizo zilianza kudhibitiwa kimataifa kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987.

Umuhimu

Hali ya maada ya erosoli huzingatiwa katika kutabiri ubora wa hewa na katika utafiti wa tabianchi. Huhusika pia na mawingu, kwani baadhi ya chembe mango huanzisha fuwele za barafu, ilhali matone ya maji ya chumvi hukuza matone ya mawingu. Orodha ya kemikali zilizomo hewani pekee haitoshi. Inabidi kujua pia kama chembe zake ni kavu, majimaji au kama kioo.