London hadi Johannesburg: kilomita zilezile, masaa tofauti

Kila ndugu zetu wanapopangiwa safari ya kwenda nchi ya tatu, swali la kwanza hapa ni moja: masaa mangapi angani? Tunadhani jibu liko kwenye kilomita. Ukisoma historia ya njia ya London na Johannesburg unaona kilomita ni nusu ya jibu tu.

Ukikata moja kwa moja, ni kama kilomita 9,000. Leo ndege inatumia masaa 11 hivi.

Mwaka 1920 marubani wawili wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, walitoka London tarehe 4 Februari. Walifika Cape Town tarehe 20 Machi, siku 45. Lakini kuruka kwenyewe kulichukua masaa kama 109, yaani hata siku tano hazifiki. Siku zingine zote waliishia chini. Ndege ya kwanza iliharibika Korosko, Misri, ya pili ikaanguka Bulawayo, wakamalizia na ya tatu.

Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ikaanza kubeba abiria. Usiku ndege hailuki, watu wanalala. Ilikuwa inatua Khartoum, Juba, Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, ikiendelea hivyo mpaka Cape Town kwa siku 11 hivi. Na toka Paris mpaka Brindisi, kusini mwa Italia, abiria hao wa ndege walipanda treni! Italia ilikuwa haiwaruhusu Waingereza kupita na ndege zao kwenye anga yake.

Halafu tarehe 2 Mei 1952 ikaja Comet, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria wa kulipa. London, Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe, Livingstone, Johannesburg: chini ya masaa 24. Watu wakaona umbali umekwisha kabisa.

Haukuwa umekwisha. Mei 1963 viongozi wa Afrika walikutana Addis Ababa wakaunda OAU, na kati ya waliyokubaliana ni kuinyima Afrika Kusini ya ubaguzi njia ya angani. Basi kuanzia mwaka huo ndege za shirika lake, South African Airways, zikawa zinatoka nje baharini, zinazunguka Afrika Magharibi yote, zinanywa mafuta Las Palmas, baadaye kisiwa cha Sal. Jeti ni zenye mbio, lakini safari ikarefuka. Mashirika ya Ulaya yaliendelea kupita juu ya bara kama kawaida. Miji ileile, jeti zilezile, tofauti ni nani amepewa ruhusa.

Mimi naona katazo lile lilikuwa la haki. Serikali iliyowalazimisha Waafrika kutembea na pasi ndani ya nchi yao wenyewe, nayo ikanyimwa pasi angani. Sisi tunaoishi kwa kibali tunaelewa haraka: mji wa jirani ni mwendo wa saa moja kwa basi, ila bila karatasi unaweza kuwa mbali wiki mbili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, sheria za ubaguzi zilipoanza kufutwa, anga ikafunguliwa, na ndege zile zikarudi kukata katikati ya bara.